Mto wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Jimbo la Mbarawali liko upande ule wa nchi ambako ramani hukunjwa, kwa hiyo kwenye ramani nyingi lina mstari mweupe katikati, na watu wa makao makuu hudhani mstari ule ni barabara. Barabara haipo. Kuna joto, kuna mvua za misimu miwili, kuna milima ya Ulonge upande wa magharibi, na kuna bonde refu la udongo mweusi linaloteremka kutoka milimani mpaka kwenye mikoko. Uchumi wa jimbo ni mpunga, nazi, kakao kidogo, na semina. Utamaduni wake ni ngoma kumi na moja zilizosajiliwa, na ukimya mmoja ambao haujasajiliwa lakini unachezwa na watu wote.

Haya yote, ukiutoa ule ukimya, yalikuwa yameandikwa katika kitabu kimoja cha jalada la kijani kilichosomwa katika kila shule ya jimbo. Mwandishi wake aliitwa Mwalimu Pulkeria Nandule, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili, mwenye sauti ya kusikika mpaka dawati la mwisho, aliyefundisha jiografia sekondari ya Kisondeka tangu alipotoka chuoni. Kitabu hicho alikiandika kwa miguu. Kila kilima alichokitaja alikipanda, kila kijiji alilala humo. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na sentensi iliyowahi kukaririwa na watoto wote wa Mbarawali: “Mto Luwaya hutiririka mwaka mzima, nao ndio uhai wa bonde.” Siku alipoiandika alikuwa amesimama ndani ya mto wenyewe, maji yakimfika magotini, na dada yake mkubwa Skolastika, mkulima wa mpunga wa kijiji cha Chitandale, akimcheka kutoka ukingoni kwa sababu aliingia majini na viatu.

Wizara ilikisoma kitabu, ikakipiga muhuri, ikakiidhinisha. Na katika nchi hiyo kitabu kikishaidhinishwa hakitakiwi tena kufanana na nchi. Nchi ndiyo hutakiwa kufanana na kitabu.

Miaka kumi na miwili baadaye, Luwaya ulikauka.

Haukukaushwa na jua. Huko juu, mahali mto unapotokea milimani, kampuni ya miwa ya shemeji yake Mkuu wa Jimbo ilichimba mfereji mpana, ikajenga tuta na lango la chuma, na maji yote yakageuzwa kwenda kunywesha miwa. Katika miezi mitatu bonde zima lilibaki na mchanga na madimbwi. Kwenye madimbwi walikunywa ng’ombe, wakanywa mbwa, wakanywa na watu, kila mmoja akisubiri zamu yake kwa adabu.

Watu wa Chitandale waliandika barua kwa Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Kanali Mstaafu Dokta Severini Maguluko. Ukanali aliupata jeshini, na udokta alipewa na chuo kimoja mwezi uleule alipokipatia chuo hicho kiwanja. Majibu yalikuja baada ya siku arobaini, yakiwa na mihuri mitatu na sahihi ya Afisa Maelezo wa Jimbo, Bwana Hilali Mpagaze. Barua ilisema kwamba ofisi imeyapitia malalamiko yao na kuyalinganisha na kitabu kilichoidhinishwa. Kwamba ukurasa wa kumi na nne unaonyesha bila shaka yoyote kuwa Mto Luwaya hutiririka mwaka mzima. Na kwamba wanakijiji wanashauriwa wakaangalie tena.

Watu wa Chitandale ni watu waungwana. Walikwenda kuangalia tena.

Waliporudi, Skolastika aliichukua ile barua, akadandia lori la nazi mpaka Kisondeka, akaingia nyumbani kwa mdogo wake bila kubisha hodi, akaiweka mezani karibu na sahani ya wali.

“Haya ni maneno yako?” akamuuliza.

Pulkeria alisoma. Alipoiona sentensi yake pale katikati, ikiwa ndani ya alama za kunukuu, alihisi kama mtu aliyeona kisu cha jikoni kwake mkononi mwa mwizi. Akasema ndiyo, ni yake, ila aliiandika wakati maji yapo. Skolastika akamjibu kwamba basi na aende akaifute, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiandika, halafu akaanza kula wali, maana alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

*

Bwana Hilali Mpagaze alimpokea vizuri sana. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, wa dawati la nyuma, kijana mpole aliyekuwa na mwandiko mzuri na hofu ya kuitwa ubaoni. Sasa alikuwa na kitambi, na ofisi yenye kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Akamwagizia chai, akamwita mwalimu kila baada ya maneno matatu, kisha akamweleza utaratibu.

Kubadili sentensi katika kitabu kilichoidhinishwa kulihitaji Fomu ya Marekebisho ya Maumbile ya Nchi. Fomu hiyo iambatanishwe na ushahidi kutoka chanzo kinachotambuliwa. Pulkeria akasema ushahidi upo, ni mto wenyewe, na ukitoka asubuhi na gari unaufikia kabla ya saa nne. Hilali akasema kwa masikitiko kwamba mto si chanzo kinachotambuliwa. Kuhusu Luwaya, chanzo kinachotambuliwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni kitabu cha Mwalimu Nandule. Pulkeria akamkumbusha kwamba Mwalimu Nandule ndiye aliyeketi mbele yake akinywa chai, na anasema mambo yamebadilika. Hilali akakubali kwamba kweli alikuwa mwandishi hapo awali, lakini tangu siku ya muhuri kitabu ni mali ya serikali, na yeye sasa ni msomaji kama wasomaji wengine.

Hata hivyo angeweza kuwasilisha ombi mbele ya Kamati ya Maumbile. Kamati ilikuwa na wajumbe saba na haiwezi kukaa pasipo wajumbe watano. Watatu kati yao walikwisha kufa. Wengine hawakuweza kuteuliwa mahali pao, kwa sababu marehemu walikuwa hawajaandika barua za kujiuzulu.

Pulkeria alirudi ofisini humo mara nne. Alijaza fomu, akapiga picha, akaleta chupa yenye maji ya dimbwi, yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa, akaitua mezani kwa Hilali. Karani akaja akaiondoa akidhani ni chai kweli. Mara ya nne Hilali alifunga mlango, akainamisha kichwa, akanena kwa sauti ya chini.

“Mwalimu, mimi najua. Kila mtu kwenye jengo hili anajua. Lakini kujua ni jambo la nyumbani. Hapa ni kazini.”

Pulkeria akatoka nje. Alikuwa mwanamke wa kanisa, asiyetukana. Siku hiyo alisimama chini ya bendera akatukana taratibu, kwa sarufi safi, mpaka askari wa getini akamwomba asogee pembeni asije akapata jua.

*

Ugonjwa ulianza mwezi wa pili. Watu walikuwa wakichimba mashimo kwenye mchanga wa mto na kuchota kilichopatikana. Mganga wa kituo cha afya cha Chitandale alikuwa kijana mwaminifu. Akaandika kwenye taarifa yake neno “kipindupindu”, na kabla wiki haijaisha akahamishiwa kisiwa kimoja chenye watu wachache na popo wengi. Sura ya sita ya kitabu cha kijani ilisema kipindupindu kilitokomezwa Mbarawali. Hiyo ndiyo sura pekee ambayo Pulkeria hakuiandika kwa miguu. Takwimu zake aliletewa na wizara, akazinakili hivyohivyo kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na alikuwa amechoka. Sasa jambo hilo lilikuwa likimrudia kila alipokaa kula.

Mganga mpya alikuja na fomu mpya. Kulikuwa na safu ya waliozaliwa, safu ya waliohamia, na safu ya waliohama. Safu ya waliokufa haikuwepo, maana ilionekana kwamba inaharibu wastani wa jimbo.

Editha, mjukuu wa Skolastika, alikuwa na miaka minne. Alikuwa mtoto wa maswali, aliyependa kutembea nyuma ya bibi yake kwenye majaruba ya mpunga akimuuliza kama vyura wana mama. Aliugua Jumanne asubuhi. Jumatano mchana macho yake yaliingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama kama kitambaa, na bibi yake akimwita haitiki. Kituo kilikuwa na kitanda, kilikuwa na picha ya Mheshimiwa Maguluko ukutani, dripu hazikuwepo. Alikufa saa tisa alasiri, bibi yake akiwa bado anamfuta midomo kwa pamba iliyolowa.

Pulkeria alifika kesho yake. Yeye ndiye aliyekwenda kituoni kuchukua karatasi ya mazishi, na Skolastika akamfuata akaketi kwenye benchi la wagonjwa, khanga imefunika kichwa. Mganga mpya akamkabidhi karatasi bila kumtazama. Pulkeria akaisoma kimya. Skolastika akasema isomwe kwa sauti, mtoto ni wake.

“Editha Malenga,” Pulkeria akasoma. “Jinsia, kike. Umri, miaka minne. Amehama. Aendako, hakutaja.”

Skolastika aliinua uso. “Amehamia wapi?” akamuuliza mganga.

Mganga akatazama sakafu. Akasema ndivyo fomu ilivyo, mama, na yeye ana watoto watatu.

Katika mwezi ule walihama watu kumi na tisa kutoka Chitandale, wengi wao wakiwa na umri wa kubebwa mgongoni. Taarifa ilipofika makao makuu ilionekana kwamba katika kijiji kizima hakufa mtu hata mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea mahali popote nchini, na serikali ikatuma pongezi pamoja na kikombe cha bati kilichopakwa rangi ya dhahabu. Kikombe kiliwekwa kituoni, chini ya picha. Hakikuwa na kitu cha kutiwa ndani yake.

*

Basi ikawadia Wiki ya Mbarawali. Uwanja wa Kisondeka ulipambwa, nyasi zikapakwa rangi ya majani, na Mgeni Rasmi akaja kutoka makao makuu kwa ndege ndogo, akiwa na daktari wake, mpishi wake, na katoni za maji yake ya kunywa. Walimu waliamriwa kuhudhuria. Waliweka sahihi kwenye orodha asubuhi, wakapangwa kwenye viti vya plastiki mstari wa nne, na Pulkeria akiwa miongoni mwao, na gauni lake jeusi la matanga.

Mheshimiwa Maguluko alihutubia saa moja na nusu.

“Ndugu Mgeni Rasmi,” alisema, “jiografia ya jimbo hili, tangu nilipoteuliwa, imeboreka kwa asilimia kubwa. Milima tuliyoikuta tumeidumisha. Bahari tumeisimamia isipungue. Wapo wazushi wanaosema eti kuna mfereji huko juu unaogeuza maji ya wananchi. Natamka mbele yako: mfereji hakuna, haujawahi kuwepo, na kuanzia leo yeyote atakayesema upo atakuwa ameitukana Mbarawali.”

Akaletewa meza ndogo, kalamu na karatasi, akatia sahihi amri hiyo palepale, na bendi ya polisi ikapiga.

Halafu ikaja sehemu ya utamaduni. Ofisi ya Jimbo ilikuwa imeleta wanawake ishirini na wanne wa Chitandale kwa lori wacheze kindwele. Kwenye daftari la Afisa Utamaduni kindwele ni ngoma namba saba, ngoma ya mavuno, na kwa hiyo kila mmoja alipewa jembe jipya lenye mpini uliopakwa rangi za bendera. Lakini kindwele haijawahi kuwa ya mavuno. Ni ngoma ya msiba wa mtoto. Wanawake huwapa watu mgongo, kwa kuwa uso wa mama aliyefiwa hautazamwi. Hupiga ardhi kwa jembe, hunyamaza, hupiga tena. Afisa Utamaduni hakuuliza. Aliona majembe, akaandika mavuno.

Wakacheza. Skolastika alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Migongo ishirini na minne ikainama kwa pamoja mbele ya jukwaa kuu, majembe yakapiga, kimya kikafuata, yakapiga tena. Walimu waliotoka bondeni waliinamisha vichwa. Pulkeria aliona mabega ya dada yake yakitetemeka kila jembe lilipoinuka, akajishika mikono isije ikafanya jambo.

Mgeni Rasmi alifurahi kupita kiasi. Alisema hajawahi kuona mavuno yenye nidhamu namna ile, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasimama, akajaribu naye kutikisa mabega, watu wa msafara wake wakacheka, akaomba mara ya tatu.

Katikati ya mara ya tatu Skolastika akaacha. Hakupiga kelele. Aliweka jembe begani, akageuka, akawapita mabalozi wa mashina, akawapita polisi, akaelekea kwenye geti, na wale wanawake wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mshereheshaji, aliyekuwa mtu mwepesi wa maneno, akatangaza kwamba sasa akina mama wanaelekea shambani kwa vitendo. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Pulkeria aliinuka kwenye kiti cha plastiki akawakimbilia. Akamkuta dada yake amesimama karibu na lori, jasho linamchuruzika, macho makavu.

“Hilo lango liko wapi?” Skolastika akasema. “Wewe ndiye mwenye ramani.”

Alikuwa nayo kichwani. Mahali pale hakupachora katika kitabu chochote, lakini alikuwa ameshapafikia kwa miguu mara mbili, akiwa na chupa zake na kamera yake. Dereva wa lori alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi kwamba baada ya ngoma awapeleke akina mama wanakokwenda. Akasema karatasi ni karatasi, akawasha gari.

Walifika saa kumi. Walinzi wa kampuni walikuwa wamekwenda Kisondeka kwenye pilau ya Wiki. Lango lilikuwa la chuma nene, hakuna jembe ambalo lingelifanya kitu. Kwa hiyo Pulkeria akawaonyesha mahali tuta la udongo lilipoungana na chuma, akasema chimbeni hapa, maji yenyewe yatamaliza. Kisha akamwomba jembe mama mmoja aliyekuwa mjamzito, akavua viatu, akachimba pamoja nao. Walichimba bila wimbo. Kwanza udongo ukawa na unyevu, kisha ukatoka mshipa wa maji mwembamba kama kamba, na kabla jua halijashuka kwenye miti tuta likatoa sauti kama ng’ombe anayelala chini, likaondoka. Luwaya ukaingia kwenye njia yake ya zamani ukiwa mwekundu, ukisukuma mbele majani makavu na povu.

Wanawake walirudi nyuma wakasimama wakitazama. Skolastika aliketi juu ya udongo uliobaki, akanyoosha miguu mbele kama anavyokaa mfiwa, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatano.

*

Walikamatwa asubuhi iliyofuata, wote ishirini na wanne. Pulkeria alikwenda mwenyewe kituo cha polisi akasema naye alikuwepo. Mkuu wa kituo akaangalia orodha ya walimu, akaiona sahihi yake, akamwambia haiwezekani, kwa mujibu wa kumbukumbu alikuwa uwanjani kutwa.

Kesi ilisikilizwa na Hakimu Teofili Kachenje, mzee makini aliyebakiza miezi minane astaafu na aliyetaka miezi hiyo ipite bila kitu kumwangukia. Aliisoma hati ya mashtaka mara mbili, akavua miwani. Hati ilisema kwamba washtakiwa walibomoa tuta la mfereji unaogeuza maji ya Mto Luwaya. Hakimu akamuuliza mwendesha mashtaka kama anajua kwamba kuna amri, yenye sahihi ya Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo, inayosema mfereji huo haupo na anayesema upo amelitukana jimbo. Mwendesha mashtaka akaomba mapumziko mafupi. Alipiga simu kwa Mheshimiwa Maguluko, na Mheshimiwa akaagiza wanawake wafungwe na mfereji usitajwe. Aliporudi, hati ilikuwa imebadilishwa: washtakiwa waliharibu mali ambayo maelezo yake yamehifadhiwa.

Hakimu akafikiri, akaona njia ya kupita bila kukanyaga mtu. Akaahirisha kesi kwa siku tatu, akamwita shahidi mtaalamu, mwandishi wa kitabu kilichoidhinishwa.

Pulkeria alipanda kizimbani na mkoba wake. Ndani yake mlikuwa na ile karatasi ya Editha na majina ya wale wengine kumi na wanane, aliyoyaandika kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Kwa siku tatu alikuwa amejiandaa kuyasoma. Aliamini kwamba mahakama ni mahali ambapo neno likisemwa huandikwa, na likiandikwa halihami.

Hakimu Kachenje alimweleza bila kuzunguka. Kama mto hutiririka mwaka mzima, kama kitabu kisemavyo, basi hakuna kilichozuiwa, hakuna kilichofunguliwa, na washtakiwa hawana kosa. Kama mto ulikuwa umekauka, basi kuna kitu kilichouzuia, washtakiwa wamekivunja, na kifungo chake ni miaka saba kwa kila mmoja. Akaomba jibu la sentensi moja.

Pulkeria alimtazama dada yake kwenye benchi la washtakiwa. Skolastika naye alimtazama, na usoni mwake hapakuwa na ombi wala ruhusa. Karibu naye alikaa yule mama mjamzito, mikono juu ya tumbo. Miaka saba. Mtoto angezaliwa gerezani, aanze shule bado yumo. Na upande wa pili walikuwa watoto waliolala mchangani Chitandale, ambao kwa sentensi moja wangekuwa hawajawahi kufa. Hasira ilimpanda mpaka ikamziba masikio. Hakumkasirikia hakimu peke yake. Aliikasirikia lugha, iliyokubali kutumika namna ile, na mkono wake mwenyewe ulioiandika.

“Mto Luwaya,” akasema, “hutiririka mwaka mzima.”

Karani hakusikia vizuri. Hakimu akamwomba arudie. Akarudia, na ilikuwa kama kumtupia Editha udongo mara ya pili.

Wanawake waliachiwa kabla ya chakula cha mchana. Kwenye varanda Hilali Mpagaze alimshika Pulkeria mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia kwamba Mheshimiwa amefurahi mno kitabu kuthibitishwa mahakamani, na jina lake limependekezwa kwa Nishani ya Uzalendo wa Kitaaluma. Pulkeria aliutoa mkono wake akaufuta kwenye gauni.

Kampuni ya miwa ilileta mafundi kuziba tuta. Lakini fundi hulipwa kwa hati, na hati hutaka jina la kitu kinachotengenezwa, na hakupatikana karani wa kuliandika jina hilo chini ya amri iliyokuwepo. Mafundi wakakaa siku tisa wakicheza bao, wakaondoka. Miwa ikanyauka. Mheshimiwa Maguluko akatangaza kwamba jimbo limekumbwa na ukame.

*

Skolastika hakumtumia mdogo wake salamu kwa zaidi ya wiki mbili. Kisha Jumamosi moja alipiga simu, akasema neno moja tu: njoo.

Pulkeria alimkuta makaburini, ng’ambo ya majaruba ambayo yalikuwa yameanza kushika maji tena. Wanawake walikuwa wanachanganya saruji kwenye bati kuukuu. Juu ya kila kaburi katika yale kumi na tisa walikuwa wameweka fremu ya mbao, na ya kwanza ilikuwa imeshajazwa na kusawazishwa, bado mbichi.

Skolastika alimkaribisha kwa kumpa msumari wa inchi sita.

“Ulichosema kule ulikisema ili tutoke,” akamwambia. “Nilikasirika, kisha nikaelewa, kisha nikakasirika tena. Sawa. Tumetoka. Sasa sema lile lingine.”

Pulkeria alipiga magoti. Alijua kwamba ajira yake inaishia pale, na pengine zaidi ya ajira. Akaandika kwa herufi kubwa za ubaoni, taratibu, akikandamiza: EDITHA MALENGA. MIAKA MINNE. ALIKUFA KWA KIPINDUPINDU MWAKA MTO LUWAYA ULIPOFUNGWA NA KAMPUNI YA MIWA. Akatia nukta. Wakahamia kaburi la pili.

Walikuwa kwenye la sita gari la ofisi lilipokuja likiruka kwenye matuta. Akashuka Hilali Mpagaze akiwa na askari wawili na bahasha. Alikuja mpaka kwenye kaburi la kwanza, akatazama chini, akakohoa. Akasema kwamba ofisi imepata taarifa. Kwamba maandishi haya yanapingana na kitabu kilichoidhinishwa. Kwamba kumbukumbu za kituo cha afya zinaonyesha hakuna aliyekufa Chitandale, kwa hiyo hayo si makaburi, na saruji inatakiwa ivunjwe kabla haijakauka. Wanawake hawakusogea. Mmoja wa askari, aliyekuwa mtu wa bondeni, alikuwa akihesabu fremu kwa macho.

Pulkeria alisimama, magoti yake meupe kwa saruji. Hakuinua sauti. Alitumia ile ya dawati la mwisho.

“Hilali. Soma kilichoandikwa. Kwa sauti.”

Hilali alitazama bahasha yake, kisha askari, kisha njia alikotokea. Mwalimu wake alisimama anangoja, kama alivyomngojea miaka mingi iliyopita darasani, bila kumsaidia.

“Editha Malenga,” akasoma. “Miaka minne.” Midomo yake ilitembea bila sauti.

“Endelea.”

“Alikufa,” akasoma Afisa Maelezo wa Jimbo, na neno hilo lilimtoka kwa shida, kwa kuwa lilikuwa halijatamkwa na mtu wa ofisi yake tangu kiangazi kilipoanza. “Alikufa kwa kipindupindu. Mwaka Mto Luwaya ulipofungwa.” Akafika mwisho wa mstari. Yule askari wa bondeni alikuwa amevua kofia.

Hakuna aliyempigia makofi. Pulkeria alimwonyesha kwa msumari kaburi la pili, naye Hilali, bahasha ikining’inia mkononi, akasogea akaanza kulisoma. Saruji ilikuwa inashika haraka kwa lile jua. Skolastika akamimina kwenye fremu ya saba, akasawazisha kwa ubao, akamgeukia mdogo wake.

“Huyu ni Malikiori wa Tereza,” akasema. “Miezi kumi na mmoja. Andika.”